Kata ya Maji

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Huku Ushirombo hatujambo. Pacha wako Doto kajifungua salama. Unasema hapo mjini kuna kikundi cha walioacha pombe, ila unaona haya kwenda.

Watu walipokimbilia dhahabu ya Geita, babu yako naye alikwenda, akarudi mlevi. Kwetu watu wakilimiana, mwenye shamba huwapa pombe, kata ya kunywea ikipita mkono kwa mkono. Wachache walioiacha wakawa wanalimiana wenyewe, na kata yao ilikuwa ya maji. Nikampeleka babu yako kwao. Mkono ulimtetemeka, maji yakamwagikia kifuani. Hakuna aliyecheka. Aliyekaa kando yake akaishika kata pamoja naye, akasema, "Kunywa, ndugu yangu. Wangu nao ulitetemeka hivi hivi."

Usingoje mkono utulie ndipo uende.

Bibi yako