Jina la Mwalimu kwenye Tuzo

Mwalimu,

Bado nasikia funguo zako zikigonga nguzo ya goli. Filimbi ya chuo ilipopotea, hizo ndizo ulizosimamishia mazoezi, nasi tukaganda hapo hapo.

Tangu tukuzike Matambarale, uwanja wa chuo hapa Nachingwea umetiwa saruji. Timu ya kikapu ya wasichana naifundisha mimi. Na kamati ya michezo ya vyuo inataka tuzo ya kila mwaka ya kocha bora iitwe kwa jina lako. Wasifu wako nimepewa mimi niuandike.

Niliandika mpaka nikafika kwenye fainali, ile iliyokupa heshima hiyo. Hapo nikakwama.

Unakumbuka. Hadija, mchezaji mwenzetu, alikuwa amelazwa, malaria. Ukamwita Somoe kutoka Ruangwa, aliyekwisha kuhitimu na tayari anafundisha. "Leo huyu ni Hadija," ulituambia. "Atakayemwita Somoe atazunguka uwanja mpaka ajute kuzaliwa." Tulicheka. Refa alipoita Hadija, Somoe hakugeuka. Mimi, nahodha, nikapaza sauti: "Hadija we, masikio umeyaacha bwenini?" Uongo ulinitoka upesi hivyo, Mwalimu. Tulishinda kwa kikapu kimoja, cha Somoe.

Chuo tulichokifunga kilimwondoa kocha wao, Mwalimu Tumaini. Leo yumo kwenye kamati. Mwezi uliopita alinishika mkono. "Mwandikie vizuri, mdogo wangu. Alinifunga kihalali."

Kihalali. Sikuweza kumtazama.

Lakini ni wewe uliyekuja hadi Mkotokuyana kumsihi baba aniache nisome. Nikuvue nguo mbele za watu, tena huwezi kujitetea?

Juzi nilikwenda kwanza kwa mkeo, nikamweleza yote. Mama Rehema aliendelea kuchambua mbaazi. Kisha akasema, "Ungeniachia jina lake, mwanangu. Ndilo nililobaki nalo." Nusura nichane karatasi pale pale.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Kaburi lako nitalipalilia kila mwaka, hata kama nyumbani kwako sitakaribishwa tena. Nakupenda, na hilo pia nimeliandika. Leo asubuhi nimeupeleka wasifu: mema yako yote, na Somoe, na jina langu, nahodha aliyedanganya. Katibu wa kamati ameusoma mpaka mwisho, akausaini mbele yangu kuwa umepokelewa, akaufungia kabatini.