Kifuniko cha Ndege Kinainuka, na Mume Wangu Anataka Turuke Ijumaa

Mpendwa Shangazi Qali, asalaam aleikum. Naomba unisaidie kwa sababu moyo wangu umegawanyika na hapa Galbet sina wa kumwambia asinicheke. Mume wangu Muse, fundi wa pampu za visima, ameunda ndege ya viti viwili uani kwetu, na kila bati alilokata mimi ndiye niliyemshikia upande wa pili, na tulipoweka kile kifuniko cha plastiki angavu juu ya viti nikawa naingia ndani jioni, nalala natazama mawingu yakipita, na siku moja mvua ikanikuta humo, matone yakatembea juu ya uso wangu bila kunigusa, nikaona kama tayari tuko juu na mto Tana uko chini, mwembamba kama utepe wa nywele.

Juzi aliijaribu kwa kuikimbiza tu ardhini, nje ya mji. Ilipokolea mwendo, upepo ukainua kifuniko kwa nyuma, vumbi likajaa ndani, Muse akawa haoni, akaja kusimama karibu kabisa na miiba huku mimi nakimbia nikipiga kelele. Akatoka mwekundu kwa vumbi, anacheka.

"Ni vumbi tu, Fartun. Huko juu hakuna vumbi."

Sasa anasema ataongeza gundi ukingoni kote, na Ijumaa baada ya swala turuke hadi Habaswein, kwa sababu mama yake macho yanafifia na ameshamwambia kwenye simu, "Hooyo, tazama juu, utaniona." Nikimzuia nitakuwa mke aliyemkata mabawa, na wallahi nami naitamani safari hiyo kuliko yeye, lakini nimechomoa komeo la kifuniko nikalificha ndani ya gunia la mchele, naye analitafuta huku anaimba. Nifanye nini?

Fartun, Galbet

*

Fartun mwanangu, waaleikum salaam. Nimesoma barua yako nami nikalala kidogo chini ya mvua hiyo. Sasa amka.

Gundi huzuia maji na vumbi, haishiki kifuniko. Kinachoshika ni fremu na komeo, na komeo lenu liko kwenye mchele! Nimemuuliza fundi wa ndege. Anasema kibanduliwe, fremu ilinganishwe, matundu ya skrubu yaachiwe nafasi maana plastiki hutanuka juani, ndipo gundi mpya ipakwe na iachwe ikauke. Kisha aje mkaguzi wa ndege. Asiporidhika, hakuna kuruka.

Na wewe acha utoto. Mtu aliyeunda ndege atashindwa kuchonga komeo jingine? Mrudishie mkononi, umwambie: "Nataka kuruka nawe, ndiyo maana Ijumaa hii siruki."

Ijumaa pandeni basi la abiria mwende Habaswein. Macho yanayofifia hayataona kidoa kinachopita angani. Muse akae karibu na mama yake, amshike mkono, naye auone uso wa mwanawe ungali unaonekana.

Akinuna, mwache anune. Mume aliyenuna hupikiwa chai. Aliyeanguka huchimbiwa kaburi.