Nani Alikuwa Anaangalia Maji

Yasini ndugu yangu,

Tumepita. Au nimepita. Hata neno la kwanza la barua hii limenishinda, maana juu ya kazi ile sikuwahi kusema "nimefanya." Ilikuwa "tumefanya" tu, mpaka walimu wakazoea kutuita kwa jina moja, kama duka. Nilitetea kitabu chetu cha kumaliza chuo mbele ya walimu Alhamisi. Leo ni Jumapili, nimetoka misa, nimekaa nyuma ya nyumba yetu hapa Musaga, wadogo zangu wanaosha vyombo, na mimi nakuandikia wewe ambaye hutasoma. Mama ameniuliza ninaandika nini. Nimemwambia ni masahihisho ya kitabu.

Nataka nikueleze vile mambo yalikwenda tangu uondoke. Mimi mwenyewe bado sielewi, na labda nikiyapanga nitaelewa.

Uliniandikia kwamba una malaria. Nikaona ni malaria kama malaria zote. Ukaongeza, "Usiguse kitu bila mi." Kabla juma halijaisha dada yako akanipigia simu asubuhi, analia, na nilipofika kwenu Buyenzi tayari walikuwa wamekuosha na kukuvisha sanda. Kwetu tungekuimbia kwanza, ningekuona uso. Kwenu mtu anazikwa siku ile ile. Wanaume wakakubeba kwenda makaburini, mimi nikabaki na wanawake ndani, kwenye mikeka, nimefunikwa kitenge cha kuazima kichwani, wenzangu wanasoma dua na mimi nasema Baba Yetu kimya kimya. Sikujua kama inaruhusiwa. Mama yako aliponiona alinishika mkono akawaambia majirani, "Huyu ndiye Divine, wa Musaga, mwenye kusoma na mutoto wangu." Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ile kazi yenu itaisha?"

Nikasema itaisha. Sikujua naahidi nini.

Unakumbuka tulivyogawana. Wewe ulitengeneza kasanduku ka kupimia maji, tukakafunga kwenye nguzo kando ya mto Rusizi, kule Gatumba, nyuma ya nyumba ya Mama Zawadi. Mimi niliandika programu. Kasanduku kapime kimo cha mto, katume namba, na namba ikipita alama programu yangu itume mesaji kwa familia za pale ukingoni: "Maji yanapanda, ondoeni vitu." Ndiyo kazi yote. Mvua zilipoanza, namba zikaja. Zikaja msimu mzima. Mesaji zikatoka, watu wakahamisha magodoro na mbuzi kabla maji hayajaingia, hakuna hata mmoja aliyekutwa amelala. Nikachora mchoro wa zile namba, mstari unapanda na kushuka safi kabisa, na mwalimu wetu akasema hajawahi kuona matokeo mazuri namna ile. Wewe uliangalia mchoro ukacheka kidogo, ukabadilisha mazungumzo. Ilikuwa Ramadhani. Ulikuwa umeniletea sambusa za mama yako, zimefungwa kwa gazeti, ukaziweka mbele yangu saa sita mchana na wewe umefunga. "Kula, we Mukristo. Njaa ni yangu, si ya watu wote." Nikala zote. Nimekuwa nikikikumbuka hicho kicheko zaidi ya sambusa.

Baada ya arobaini yako mwalimu aliniita. Akasema niendelee peke yangu, na kwamba siku ya kutetea watakuja wageni, watu wa mradi fulani, wanaotaka kuweka visanduku kama chetu mto mzima. Kwa hiyo nilete kasanduku kenyewe wakaone. Nikapanda basi mpaka Gatumba.

Mama Zawadi alikuwa ametoka kuuza samaki ng'ambo. Alinikumbatia, akakulilia kwanza, ndipo akanipeleka nyuma. Nguzo ilikuwa imeinama. Nilifungua kasanduku kwa bisibisi yako, ile yenye mpini mwekundu. Ndani mlikuwa na matope yaliyokauka kama matofali. Sisimizi walikuwa wamejenga. Waya zote zimekuwa kijani, betri imevimba. Nikasema kwa sauti, "Masikini, nako kamekufa naye." Mama Zawadi akanitazama.

"Hako? Hako kalikufa mvua ya kwanza kabisa, mwanangu. Maji yaliingia ndani. Yasini alikafungua akasema apana, hakafai tena."

Nilimwambia haiwezekani, namba zilikuja msimu wote, ninazo. Akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Alikuwa anakuja yeye. Mawingu yakifunga kule milimani, anakuja. Anasimama pale anaangalia ule muti wa majini alioupaka alama za kimo, anaandika ku telefoni, na telefoni zetu zote zinalia. Siye tulijua. We hukujua?"

Hapana, Yasini. Sikujua.

Simu yako niliiruhusu mimi mwenyewe iingize namba, mwanzoni, tulipokuwa tunajaribu. Sikuifuta. Programu haikuona tofauti kati ya kasanduku na wewe. Na mimi niliyeiandika sikuona.

Ndani ya basi la kurudi nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena, mpaka mama aliyekaa karibu nami akavuta kikapu chake. Wewe uliogopa viboko wa mtoni kuliko mitihani! Siku ya kwanza Gatumba ulikataa kushuka ukingoni mpaka Mama Zawadi akuapie kwamba kiboko yuko upande wa pili. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa anasimama pale peke yake, mvuani? Na kwa nini usiniambie? Uliona haya kwamba kifaa chako kimekufa? Ulitaka kukitengeneza ukakosa vipuri? Ulinidanganya, au ulininyamazia, na je, hivyo ni vitu viwili? Halafu kila nikitaka kukasirika sawasawa nakumbuka kwamba watu walitoa watoto wao nje kabla ya maji. Basi kazi ilifaulu. Lakini ni nini kilichofaulu?

Nilimweleza mwalimu. Alivua miwani akaiweka mezani. "Divine," akasema, "andika ulichokiona. Lakini ukumbuke jina lake liko juu ya kitabu, na mama yake atakuja." Nikatoka kwake nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Nilikuwa nimetaka aniambie nifanye nini.

Niliandika ile sura ya matokeo kwa namna mbili. Katika ya kwanza sikugusa kitu. Katika ya pili nilisema yote. Nikazisoma zote mbili, na katika zote mbili sikukutambua. Katika moja ulikuwa fundi hodari sana. Katika nyingine ulikuwa mwongo. Mimi nilimjua mtu mwingine, anayechelewa, anayenipa sambusa, anayeimba vibaya akichomelea waya.

Kilichoniamulia ni wale wageni. Nilifikiri, wataweka visanduku hivi mto mzima, mvua ya kwanza itaingia ndani, na safari hii hakutakuwa na Yasini nyuma yake. Watu watalala wakingoja mesaji. Nikajiambia kwamba hata wewe usingekubali. Sijui kama ni kweli au ni mimi niliyetaka ruhusa yako.

Alhamisi mama yako alikuja na baba yako, aliyefunga gereji siku nzima. Walikaa mbele kabisa, wananukia udi, wamepanga mikono magotini kama watu wanaongoja kupigwa picha. Unajua mambo ya kutetea ni Kifaransa tupu, na mama yako Kifaransa hakijui. Hilo lilinipa nafuu, kisha likanitia aibu kwamba limenipa nafuu.

Nilieleza programu vizuri. Nilifika kwenye mchoro nikasimama. Nikawaambia juri, wale walimu wanaotoa alama, kwamba kipimo kiliharibika mvua ya kwanza, na kwamba kila namba wanayoiona baada ya hapo iliandikwa kwa mkono na mwenzangu, marehemu, ambaye alikuwa anakwenda kuangalia mto kwa macho yake. Mwalimu mmoja, yule mrefu anayependa kukatiza watu, akasema huo ni udanganyifu, sura nzima itolewe. Akalitaja jina lako, akalirudia. Nilimwona mama yako anainua kichwa kila alipolisikia.

Mkuu wa juri, yule mama mwenye sauti nzito, akaniuliza taratibu: wewe unaitaje hali hii? Nilikuwa nimetayarisha jibu zuri. Nikalifungulia mdomo na likapotea. Nikasema, "Sijui jina lake, Madamu." Nikarudia, "Sijui." Ndilo jibu pekee nililolitoa siku ile bila kusoma mahali.

Walitutoa nje, wakajadiliana, tukasikia sauti zao zinapenya ukutani. Waliporudi walisema nimepita, kwa alama za chini kuliko zile mwalimu alizotarajia. Sura ya matokeo itabaki, lakini niiandike upya, niseme wazi kwamba aliyepima ni mtu, si mashine. Yule mrefu akauliza kama jina lako litabaki juu ya kitabu. Mkuu hakumjibu kwa Kifaransa. Aligeukia mbele walikokaa wazazi wako, akasema kwa Kiswahili, "Jina la kijana linabaki."

Watu wa mradi walinishika mkono. Walisema hawataweka visanduku kwa sasa. Mmoja wao, kijana mwenye koti kubwa kumzidi, alikuwa ameshafika mlangoni akarudi. Akaniuliza, "Na sasa hivi, nani anaangalia?"

Nje, mama yako aliniweka kando, chini ya ngazi.

"Nimesikia jina la mutoto wangu mara mingi. Yule murefu alikuwa anakasirika. Walikuwa wanasema nini?"

"Walikuwa wanauliza nani alikuwa anaangalia maji kule Gatumba, mama."

"Na we ukasema nini?"

"Nikasema ni Yasini."

Alinitazama. Kisha akamgeukia baba yako, akampiga begani kwa kiganja. "Si unaona! Ndiyo yale matope! Mi nafua suruali, nafua, namuuliza unatoka wapi, ananiambia chuoni. Chuoni kuna matope gani!" Akacheka. Akaweka mkono mdomoni ili asicheke zaidi, na palepale chini ya mkono kicheko kikageuka, akalia, baba yako akawa hajui amshike wapi. Kumbe hata yeye ulimdanganya. Nilisikia kitu kama raha, Mungu anisamehe, kwamba hukunichagua mimi peke yangu.

Lakini lile neno udanganyifu sikumwambia. Sikumwambia kwa nini alama zimeshuka. Nilichomjibu kilikuwa kweli tupu, neno kwa neno, na bado tangu Alhamisi kinanikaa kooni kama mwiba wa samaki mukeke. Nilimficha au nilimpa? Ungekuwepo ningekuuliza, na wewe ungebadilisha mazungumzo.

Jana nilirudi Gatumba. Nilinyoosha nguzo, nikapaka alama upya kwenye mti kwa rangi nyeupe, maana zako zilikuwa zimefutika. Mama Zawadi alikubali kuwa ananitumia namba asubuhi na jioni, na siku za mawingu mazito nitakuwa nakwenda mwenyewe. Niliisajili simu yake. Programu ikaipokea bila swali. Nilipokuwa nainuka kuondoka kiboko alitoa kichwa, mbali kidogo, akapumua. Nilikimbia mpaka barabarani, kiatu kimoja mkononi. Mama Zawadi alicheka mpaka akakaa chini.

Yasini, sijakusamehe, kwa sababu sijui kama kuna la kusamehe. Sijakushukuru pia, kwa sababu nikianza nitasahau kwamba ulinifanya nisimame mbele ya watu na mchoro nisioujua. Yote mawili yako ndani yangu na hayasemezani.

Nakuaga kwa njia yenu na yetu, Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana, pasipo na matope. Na nakuahidi haya. Sura ile nitaiandika wiki hii, nitakuweka ndani kama ulivyokuwa, umesimama mvuani unasoma mto, na kasanduku kamekufa pembeni. Nikimaliza nitakwenda Buyenzi, nikae na mama yako mkekani, nimsomee yote kwa Kiswahili, hata neno lile la udanganyifu.

Mvua zimekaribia. Leo milima imejifunika. Lala, ndugu yangu. Maji nitayaangalia.

Divine