Kabu za Maua kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwagia kabu maji tena asubuhi. Zege likikauka mbio linapasuka, na mteja wa Kitale hataki kusikia habari ya jua. Mgongo unauma. Ndiyo kazi yangu: kumimina zege kwenye kalibu na kutoa hizo kabu, kingo zenye nakshi, za kuzungushia maua ya watu wenye nyasi nzuri. Maua ya kwangu yamezungushiwa chupa za soda.

Kesho napeleka mzigo Mabanga, kwa mama mkwe. Ametoka hospitali, yuko kwa shemeji Wafula, Bungoma mjini. Alhamisi anarudi kwake. Nasimiyu, mke wangu, anataka mama yake akute nyumba inacheka. Ameniagiza niweke maua mahali atayaona akifungua mlango. Mimi ni nani nikatae.

Jumanne, 5 Agosti

Mvua njia nzima. Pikapu imekwama mara moja, nimesukuma, nimefika na matope hadi kwenye nyusi.

Nyumba imefungwa, hakuna mtu. Afadhali. Nachimba vizuri nikiwa peke yangu. Nimepata mahali pazuri sana: mbele ya mlango, kando ya kaburi la baba mkwe, upande wa kushoto. Lile kaburi limejengwa kwa saruji safi, fundi wake alijua kazi. Nimevuta kamba ili tuta langu lilingane nalo, urefu kwa urefu, upana kwa upana. Udongo nimeuchimbua mpaka chini, waridi hupenda hivyo. Napenda vitu vilingane.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemaliza. Kabu zote zimekaa, pimamaji imekubali. Ndani yake nilitia waya tangu nilipozimimina, ili zidumu. Za mama mkwe, si za mteja. Nimezipaka chokaa nyeupe zifanane na kaburi. Waridi jekundu katikati. Picha sijatuma, nataka wenyewe waone. Nimerudi Kitale nikiimba kama mjinga.

Alhamisi, 7 Agosti

Kama mjinga, kweli.

Nilitangulia kufika Mabanga. Mama alishuka garini akimwegemea Nasimiyu. Amekonda. Alitazama kaburi la mumewe, akatazama kazi yangu. Hakulia. Aliuliza tu, "Ni nani amenichimbia?"

Akazunguka nyumba, akaenda jikoni nyuma, akakaa kwenye kigoda.

Wafula alinishika bega. "Shemeji, si ungepiga simu tu, bana."

Hapa mke huzikwa kando ya mumewe. Nilijua. Nimekula kuku wa watu hawa tangu nina nywele, nilijua. Lakini fundi akishavuta kamba, akili inafuata kamba.

Na hata pole siwezi kumpa. Mkwe hapa hazungumzi na mama mkwe uso kwa uso. Kiti chake tu sikikaribii. Nilisimama uani kama mti uliopandwa vibaya.

Ijumaa, 8 Agosti

Amelala jikoni. Mlango wa mbele hataki kuuona. Chai kidogo, uji hapana. Dawa amekataa kabisa. Daktari alisema asikose hata siku moja. Nasimiyu alimbembeleza, akajibiwa, "Dawa ya nini, na nyumba yangu ya mwisho iko tayari?"

Asubuhi jirani yao Nekesa alipita akienda soko la Chwele na jogoo wake. Akaona tuta. Jogoo chini, mikono kichwani. "Woi! Amekufa rini, na hatukuambiwa?"

Mama akamjibu kutoka jikoni, "Niko hapa, Nekesa. Nyamaza, unatisha kuku."

Nilitaka kucheka. Nikamtazama Nasimiyu, nikaacha. Hajasema nami tangu jana. Mama yake akifa sasa, atakuwa ameuawa na maua yangu. Hajalitamka hilo. Naliona mgongoni mwake anapoosha vyombo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimevunja kabu. Yaani nimejaribu. Za wateja hupasuka zikitazamwa, hizi zenye waya zinaurudisha mtaimbo kama zinanicheka. Mara ya kwanza maishani nimefanya kazi ya kudumu. Hadi saa sita zilikuwa zimevunjika, na viganja vilikuwa malengelenge matupu.

Nikaanza kusawazisha udongo. Wafula akaja na ujumbe wa mama. Kusawazisha hakutoshi. Shimo lililopimwa kando ya mume halifukiwi tupu, litabaki linamsubiri mtu. Lizikiwe mgomba. Na aliyechimba ndiye abebe.

Wafula ni mzee wa kanisa. Alikuna kichwa, akachungulia barabarani. "Pasta asisikie hii." Kisha akaleta panga.

Tumekata mgomba nyuma ya choo. Mzito, unatiririka utomvu, shati langu zuri limekwisha. Nimeubeba mwenyewe, nimechimba tena, nimeulaza. Hapakuwa na maombi, lakini Wafula alivua kofia. Nekesa alisimama kwenye ua, mikono kifuani, akihakikisha.

Nilijiona kichekesho. Halafu nikautazama pale chini. Ulikuwa karibu urefu wa mama. Nikaogopa. Nimefukia haraka, kwa mikono, sikungoja jembe.

Nasimiyu aliniletea maji ya kunawa. Akanimiminia polepole, malengelenge yasiume.

Jumapili, 10 Agosti

Mvua imekatika. Wengine wameenda kanisani, mimi na Nasimiyu tumebaki na mama.

Nilikuwa getini nikipakia vipande kwenye pikapu, mgongo wangu kwa nyumba, kama inavyotakiwa. Nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Hatua za polepole. Kiti kikaburutwa barazani. Nasimiyu akahesabu vidonge, mama akavimeza kwa chai. Sikugeuka. Nilishika kipande cha kabu kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Kisha mama akapaza sauti, akimsemesha kuku aliyekuwa akichakura pale.

"Wewe kuku, mwambie huyo mtu wa Kitale mimi sili maua. Angepanda kunde."

Nami nikamjibu kuku, nikitazama barabara, kwamba nimesikia.

Nasimiyu alicheka, kidogo. Mama aliomba chai nyingine.