Mwezi Aliousubiri Babu

Yaya Mwajuma, dada yangu uliyebaki Kasongo, nakusalimu kutoka Kabambare. Uwabusu watoto wote kwa ajili yangu.

Nilimkuta Babu amekondeshwa na homa, na bado anafunga Ramadhani. Kila alipoambiwa kuwa mgonjwa ana ruhusa, alijibu, "Nitakula mchana mwezi ukiandama." Tuliogopa kwamba siku moja zaidi ingemwangusha. Jana jioni mawingu yalijaa. Wanaume walisimama barazani wakitazama pale jua lilipozama, nami nilikuwa uani nikikoroga uji wa mchele. Wingu likapasuka juu ya michikichi, nikauona mwezi, mwembamba, umelala chali.

Unanijua, Yaya. Hata kwenye chuo cha Kurani, nilikotoka juzi tu, sauti yangu haikufika mkeka wa pili. Lakini nilikimbia mbele za watu nikapaza, "Ule pale, upande wa kulia!"

"Umeona ukucha wako," Mjomba akacheka.

Babu akasema toka kitandani, "Huyo hasemi ovyo. Tazameni!"

Wakatazama, wakauona wote. Leo asubuhi Babu amemaliza uji, akadai na kuku.

Huko nyumbani tazameni magharibi jua likishazama: kilimia, lile kundi la nyota ndogo, kinashuka, karibu kitapotea. Kitakapozuka tena alfajiri upande wa mashariki, mvua itakuwa imekatika na njia zimekauka. Siku hizo mtutazamie, mimi na Babu, naye akitembea kwa miguu yake.

Mdogo wako akupendaye,
Zaina