Mtoto Mweusi wa Farasi Wekundu

Galu, Diani
Jumatano

Kwako Baba, Mzee Suleiman,

Shikamoo, na shikamoo yake Mama Twaiba. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Bodo, na goti la Mama limeanza kumruhusu kwenda kisimani. Mimi Mwinga ni mzima wa mwili. Mengine utayaona mbele.

Najua hutaki tena kusikia habari za farasi, lakini nivumilie. Hapa zizini kwa Judy, mimi na mwanao Swabir tulikuwa na mapatano yetu. Ijumaa akienda msikitini nilimshikia zamu, na Jumapili nikienda kanisani alinishikia yeye. Daftari la zamu halikujua kitu. Judy pia hakujua, maana hataki zamu zibadilishwe bila ruhusa yake.

Mwaka jana Judy alileta dume mwekundu ampande jike wake mwekundu, kwa kuwa alitaka mtoto wa rangi hiyo hiyo. Mtoto akazaliwa na rangi ya panya. Nikawaambia watu kuwa manyoya ya utotoni hudanganya, na hilo ni kweli. Lakini yalipopukutika, alitokea mweusi tii! Hapo nikatoa elimu yangu ya mbuzi, kwamba rangi ya babu humrudia mjukuu.

Daktari Nzai, anayetutibia wanyama, alinicheka. Alieleza kuwa farasi mweusi anaweza kubeba wekundu uliofichika, ukaja kutokea kwa mtoto au mjukuu. Weusi haufichiki ndani ya farasi mwekundu. Farasi wekundu wawili hawana weusi wa kumrithisha mtoto, hata wazae mara mia. Basi baba yake ni yule dume wetu mweusi wa boma la pili. Judy akahesabu miezi kumi na moja ya mimba kurudi nyuma tangu mtoto azaliwe, akafungua daftari. Wiki ile dume mweusi alitolewa nje siku moja tu, Ijumaa mchana, zamu ya Swabir.

Judy alimtaka mwanao aape kuwa lango alilifunga. Alikataa. Angeapaje juu ya jambo lililotokea yeye hayupo? Na kusema hakuwepo ilikuwa ni kunitaja mimi. Alifukuzwa papo hapo. Nawe, nilivyosikia, ulimwambia mwenye haki haogopi kuapa, na asikanyage Bodo mpaka aseme kweli. Sasa anapasua mawe timboni, karibu na Kombani.

Baba, ni mimi. Ijumaa ile nilichepuka kwenda Mwabungo kunywa mnazi, kata mbili tu nilijiambia, na lango nikalirudishia bila kutia komeo. Niliporudi niliwakuta dume mweusi na jike pamoja. Nikawatenganisha, nikamwogesha jike, nikanyamaza. Swabir alipotoka kuswali alinishukuru kwa kumshikia zamu. Shukrani ile inaniuma hadi leo.

Siku aliyofukuzwa nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nachana mkia wa farasi kana kwamba mkia ule ulikuwa na haraka. Nimemtembelea timboni mara mbili, akanigawia ugali wake, na hakuniuliza lolote. Nikala, nikaondoka. Mimi niliyelishwa kwenu kama mwana nimemfanya mwanenu halisi akose mlango wa kwao. Naona haya, Baba, na ninajichukia.

Jana nilimweleza Judy yote. Amenifukuza, na ni haki yangu. Amesema Swabir arudi kazini hata kesho. Nikaenda timboni moja kwa moja kumpa habari hiyo, nikaungama mbele yake. Alinisikiliza hadi mwisho, nyundo mkononi, wala hakunitukana. Ya kazi hakuyauliza, wala ya farasi. Aliniuliza neno moja tu: kama Baba ameshaambiwa.

Basi, Baba, sasa umeambiwa.

Mfikishie Mama salamu zangu, kama bado atazipokea. Mimi sitakuja Bodo mpaka nisikie Swabir yuko nyumbani.

Aliyewakosea,
Mwinga