Nyuso Arobaini na Moja

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekwisha. Mimi sijambo. Goti linalalamika, lakini goti hili lilizaliwa likilalamika.

Miezi minane imepita tangu uondoke, na barua zangu mbili hukuzijibu. Naandika ya tatu kwa sababu nimepata kazi. Mwalimu mkuu wa chekechea iliyo nyuma ya soko anataka vikaragosi arobaini na kimoja vya udongo wa plastiki, vya kuning'iniza kwenye mabegi ya watoto watakaoingia darasa la kwanza mwakani. Kila mtoto kachagua anachotaka kuwa akikua. Wapo madaktari kumi na wawili, marubani saba, na mmoja anataka kuwa mbuzi. Mama yake kaitwa shuleni, mtoto kakataa katakata kubadilisha.

Miili nimeianza. Naukanda udongo mpaka ulainike, naviringisha vichwa, navisha makoti. Nikifika kwenye uso nasimama. Mgawanyo wetu unaujua, mimi mwili, wewe uso. Miaka tisa sijaweka hata jicho moja. Sasa vimejipanga mezani, havina macho wala midomo, na nyumba imenyamaza mno. Nikila navipa mgongo.

Rudi, hata kwa wiki tatu tu.

Dada yako


Tarehe 17 Machi

Dada,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha. Pole na goti, ulikande kwa maji ya moto wala usilisemeshe.

Niko kwenye duka la keki, naandika majina ya watu kwa krimu. Leo nimewatakia watu tisa heri ya kuzaliwa, na hakuna hata mmoja aliyeniona, maana nakaa chumba cha nyuma. Ninakolala kuna dirisha moja, linatazama ukuta wa jirani. Jumapili huwa siongei na mtu mpaka Jumatatu asubuhi.

Hata hivyo sirudi. Sababu unaijua, ila hujawahi kuitamka, basi nitaitamka mimi. Siku mtangazaji wa redio alipokuja kibandani kwetu akauliza nani anatengeneza vitu hivi, ulisema, "Mimi." Akauliza, "Na huyu?" Ukasema, "Huyo ananisaidia kufunga." Nilikuwa nimeshika mfuko mkononi. Nikaendelea kufunga.

Lakini watoto hawana kosa, na uso si uchawi. Nitakufundisha kwa barua. Bonyeza mashimo mawili kwa kichwa cha pini, chini kidogo ya katikati ya kichwa. Kila anayeanza huyaweka juu mno. Jaza vipunje vya udongo mweusi. Mdomo uchore kwa ukucha wa kidole cha mwisho, bila kukandamiza. Yote hayo kabla ya kuoka. Kikishatoka kwenye oveni, kama kimenuna kimenuna.

Mdogo wako


Tarehe 29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru umejibu. Niliisoma barua yako nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua.

Mafundisho nimeyaona. Sitaki. Pamoja na barua hii nimekutumia madaktari kumi wabichi kwenye boksi la plastiki. Wawekee nyuso, uwaoke huko, unirudishie. Utasema dada ni mvivu. Haya, sema. Ukweli ni kwamba nikishajua nyuso, wewe utakuwa huna sababu ya kurudi.

Kuhusu redio, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Dada yako


Tarehe 12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Madaktari wako si wazima.

Miaka tisa kwenye kazi hii, halafu unaweka udongo mbichi kwenye plastiki? Udongo huu ukiwa mbichi huyeyusha plastiki; umelila boksi, umegandana nalo, na joto la njiani likamalizia. Wanne wameungana wamekuwa daktari mmoja mpana mwenye mikono minane. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikalia, kwa sababu nilitaka mtu wa kumwonyesha, na mtu mwenyewe ni wewe.

Lakini "yaliyopita si ndwele" ni maneno ya aliyeumizwa, si ya aliyeumiza. Hilo hukupaswa kuniandikia.

Jifunze nyuso, dada. Ukiniita tena kwa ajili ya kazi, sitajibu.

Mdogo wako


Tarehe 8 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Unakula vizuri? Mimi nimepungua kidogo, lakini sina ugonjwa.

Wiki nane sikuandika kwa kuwa nilikuwa najifunza. Macho niliyaweka juu mno, kama ulivyosema. Vichwa ishirini vya kwanza vilifanana na watu waliokamatwa wakiiba. Daktari mmoja alionekana mgonjwa kuliko atakaowatibu. Nikavifinyanga upya, tena na tena, mpaka ukucha wa kidole cha mwisho ukajua wenyewe pa kupita. Juzi nimevipeleka vyote arobaini na kimoja. Yule mtoto alimtazama mbuzi wake muda mrefu, akasema, "Ndiyo mimi," akaondoka.

Sasa hilo la redio. Nilisema uongo nawe umesimama hapo hapo. Kwa miaka yote ile mteja akishika kikaragosi alitazama uso kwanza, akatabasamu, na mwili wangu hakuuona kabisa. Nilikuonea wivu. Siku ile nikapata nafasi ya kuwa peke yangu kwenye sifa, nikaichukua. Nisamehe, mdogo wangu. Ilinipasa kuyasema haya kabla hujafunga sanduku lako, na nilikuwa jikoni najifanya naosha vyombo.

Nyuso nimezijua, kwa hiyo sina tena kazi ya kukuitia. Kibanda kinakwenda bila wewe. Mimi ndiye siendi. Naongea na oveni, na ikilia kengele naitikia. Nakuomba uje, na ukija usiguse udongo kama hutaki, ukae tu. Kama huwezi, niandikie hata mstari mmoja nijue umesoma, ili jioni niache kusikiliza mlango.

Dada yako